Siafu wa Mlango wa Karakana

Dahir amefariki. Binti yake alinipigia simu Jumamosi asubuhi, kwa Kiswahili cha Nairobi kisichofanana hata kidogo na cha baba yake, akaniambia mzee amezikwa jana baada ya sala ya Ijumaa na kwamba jina langu lilikuwa katika kidaftari chake cha simu. "Mlifanya kazi pamoja, sivyo?" Nikasema ndiyo. "Kazi gani?" Nilipomwambia tulikuwa tukiunda redio alicheka, kicheko cha mtu aliyetoka kulia, akasema hiyo haiwezekani. Baba yake aliuza matairi maisha yake yote, na redio ya nyumbani hata betri alikataa kuitia, ikabidi aitwe jirani. Walichojua ni kwamba alikaa kizuizini wakati wa vita vya shifta vya kaskazini-mashariki, kama wengine wengi, na kwamba hakupenda kuulizwa. Tangu simu hiyo nimekaa siku nne mezani nikiandika na kufuta. Kuuliza ndiyo kazi niliyosomea, na ndiyo tabia iliyonigombanisha na walimu, na mapadri, na karibu kila aliyewahi kunipenda. Lakini binti yule aliniuliza maneno mawili tu, kazi gani, nami nikamjibu nusu.

Nilifika Garissa Januari 1966 nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, shahada ya fizikia, jozi ya viatu vya soli nene ya mpira wa krepu na mashati matatu ya nailoni, ambayo wakati ule yalikuwa fahari ya kijana yeyote aliyesoma, maana yalifuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi bila pasi. Karakana ilikuwa ghala la zamani la nafaka: kuta za mawe, paa la mabati, mlango wa chuma. Ndani mlinukia vumbi, risasi ya kulehemu na mtama uliooza miaka mingi iliyopita. Tuliunda redio za kufungwa kwenye malori ya msafara yaliyokwenda Wajir, Tarbaj na hata Banissa, kwa sababu barabara zilitegwa na kuviziwa, na kupeleka redio mbovu Nairobi na kuirudisha kulichukua majuma mengi. Lori lisilo na redio likishambuliwa lilikuwa peke yake. Hilo tulilijua wote. Vipande vilikuja masandukuni kutoka ng'ambo. Mimi nilivitoa, nikavipima na kuvikabidhi, Dahir akavilehemu mahali pake, na Mzee Oduor, msimamizi wetu, mtu wa ziwani aliyejifunza redio jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaijaribu redio ilipokamilika na kutia sahihi.

Kipande cha thamani kuliko vyote kilikuwa transista moja ya aina mpya, ndogo kuliko punje ya hindi, yenye miguu mitatu, iliyokuja imefungwa katika karatasi ya metali kama peremende. Kwenye sanduku kulikuwa na ukurasa wa maagizo, na Mzee Oduor alitusomea siku ya kwanza huku ameshusha miwani. Agizo moja lilisema kwamba anayetoa na anayepokea wagusane mikono kwanza, ndipo kifaa kitoke kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Hapakuwa na maelezo ya sababu. Dahir alifurahi mno. "Hata Mzungu amejua salamu," alisema. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye vidole vyembamba, na p ya Kiswahili ilikuwa b kinywani mwake. Kila nilipomletea transista aliweka chuma cha kulehemu chini, akanyoosha mkono na kuuliza, "Nabad?", yaani amani, nami nikapaswa kujibu "Nabad" ndipo aipokee. Siku ya tatu nilichoka. "Tumesalimiana asubuhi, Dahir. Mara ngapi kwa siku?"

"Kwani mara ngabi itakudhuru?"

"Niambie kwa nini, nitafanya."

"Wallahi huyu injinia," alimwambia Mzee Oduor, "jua likitoka asubuhi atauliza nani amelitoa."

Mzee Oduor alicheka, nami nikacheka, na kuanzia siku hiyo nikawa naiweka transista mbele yake kwa vidole viwili na kuondoka. Nilikuwa nimekataa ubatizo wa pili wa mama yangu na hirizi ya mjomba. Nisingeweza kuanza kufuata ibada za kiwanda. Leo najiuliza ni kwa vipi mtu aliyesoma alichosoma hakuona. Chuoni tulisugua fimbo ya eboniti kwa ngozi ya paka na kuinua vipande vya karatasi. Uliitwa umeme tuli, ukapewa saa moja ya mhadhara, na wote tukauona mchezo wa watoto. Na kila siku pale Garissa, katika ule ukame ambao wenyeji huuita jilaal, ngozi ya mkono ikipasuka na nywele zikilia chini ya kitana, nilipokuwa nikishika mlango wa chuma kitu kiliniuma kidoleni. Dahir ndiye aliyekipa jina. "Siafu wa mlango amekula injinia tena!" alipiga kelele nilipotikisa mkono, na jina likashika, hata Mzee Oduor akawa anauliza asubuhi kama siafu ameamka. Sikujiuliza kwa nini siafu huyo hakuwahi kumwuma Dahir.

Kwa kuwa kulikuwa na amri ya kutotoka nje jioni, urafiki wa Garissa ulikuwa wa mchana. Saa ya chakula Dahir alinichukua nyumbani kwake, chumba kimoja chenye mikeka miwili, sanduku la bati na pazia la kitambaa cha maua lililogawa upande wa jikoni. Mkewe, Halima, alitupa anjera, ule mkate mwembamba wa unga uliochachuka, na mchuzi uliomwagiwa samli, kisha chai ya maziwa ya ngamia iliyotiwa tangawizi hadi ikakata koo. "Walaal, kula kwanza, uliza baadaye," aliniambia, kaka yangu, maana nilikuwa nimeanza kuuliza jinsi anjera inavyochachuka bila hamira. Nyuma ya pazia walikaa wanawake wa jirani, na kwa miezi mitatu nilijifunza Kisomali kwa kusikiliza tu. Nilisikia habari za ngamia waliochukuliwa, za kijiji kilichozungushiwa seng'enge nje ya mji ambako watu wa malishoni walihamishiwa kwa nguvu, na za foleni ya maji humo, debe moja kwa nyumba. Siku moja sauti ya mwanamke mzee ilisema, bila kulia, kwamba mbuzi wake waliobaki wanakula makaratasi. Dahir aliacha kutafuna. "Wakiniona natengeneza redio za malori hawanisemeshi," aliniambia polepole. "Na wale wa malori wakiniona, wanauliza mimi ni nani. Niende wabi, injinia?" Nikamwomba Halima chai nyingine.

Redio zilianza kufa Februari. Hazikufa mezani, na hilo ndilo lililotuangamiza. Redio ilipojaribiwa na Mzee Oduor ilizungumza vizuri, ikafungwa kwenye lori, ikasikika siku mbili au tatu, kisha kimya. Ya kwanza tukasema ni mtikisiko wa barabara. Ya pili, joto. Ya tano tukaacha kusema. Kila iliyorudishwa tuliifungua, na kila mara ilikuwa transista ileile, nzima kwa macho, imekufa ndani. Kisha lori moja lilishambuliwa upande wa Tarbaj, likaita, na hakuna aliyesikia. Mtu aliyelikuta kesho yake alituletea redio ikiwa imefungwa katika blanketi. Mzee Oduor aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, akaiweka mezani, akatoka nje, na hakurudi mpaka saa tisa.

Juma hilo alikuja afisa wa usalama, kijana mwenye sauti ya upole na nguo zilizopigwa pasi. Ofisi ya Mzee Oduor ilitengwa na stoo yangu kwa ukuta wa mabati tu, na nilikuwa nimechuchumaa kati ya masanduku niliposikia.

"Hivi vitu, nani anavifunga ndani?"

"Dahir. Fundi mzuri sana, bwana."

"Dahir wa wapi?"

"Wa hapa."

"Wa hapa," alirudia. "Na zinaharibika baada ya kuondoka, siyo kabla. Mzee, wewe ulikuwa jeshini. Ungependa kuharibu redio bila kukamatwa, ungefanyaje?"

Nilibaki pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kuuliza chochote, nilitaka kujua tu, na upesi, kabla hawajamchukua.

Nilianza kwa chupa ya jamu. Nilitoboa kifuniko, nikapitisha waya wa shaba katikati ya nta, na mwisho wa waya nikatundika vipande viwili vyembamba vya karatasi ya pakiti ya sigara. Kitu chenye umeme kikigusa waya juu, vipande vinatengana kama miguu ya mtu anayeruka mtaro. Kisicho na umeme, vinaning'inia. Kila mtu na kila kitu katika karakana kiligusishwa chupa ile, asubuhi, adhuhuri na alasiri, nami nikaandika: upepo, joto, nani, vipande vimefunguka kiasi gani. Chuma cha kulehemu, hakuna kitu. Kiti cha mbao, hakuna. Mzee Oduor, mwenye viatu vya ngozi, kidogo sana. Dahir, hakuna. Nilimpima tena alipotoka kutawadha, miguu mitupu inang'aa maji, hakuna. Nilimpima kabla ya kutawadha, hakuna pia, maana alivua viatu mlangoni kwa adabu tu na kukanyaga saruji siku nzima. "Unanitafuta nini, walaal?" aliuliza. "Siafu," nilimwambia. "Mimi sina. Jitafute mwenyewe." Alisema kwa mzaha. Nilitembea kutoka stoo hadi mezani kama nilivyotembea kila siku, na soli zangu za krepu na shati langu la nailoni, nikanyoosha kidole. Vipande viliruka hadi vikagonga kioo.

Nilirudia mara kumi na mbili. Ndivyo nilivyofundishwa: ukipata jibu usilolipenda, rudia. Kisha nikaketi. Kila transista iliyopita Garissa ilikuwa imepita mikononi mwangu. Mkono wa Dahir ulionyooshwa, ule niliouita ibada, ndio ambao ungeshusha umeme wangu hadi ardhini kabla haujapita katika ile punje. Kidole hakisikii, jicho halioni, kifaa kinajeruhiwa tu, kinaendelea kufanya kazi siku mbili, kinakufa njiani.

Siku hiyohiyo nilivua viatu na shati, nikaazima shati la pamba la Mzee Oduor. Tukamwaga maji sakafuni na kutundika magunia mabichi dirishani ili hewa ilowe. Dahir alitazama maji yakienea juu ya saruji. "Huko kwenye seng'enge watu wanagombania debe," alisema, "na sisi tunanywesha jiwe." Lakini alishika ndoo. Nilifunga waya wa shaba kwenye kifundo cha mkono wake na mwingine kwenye wangu, nyaya zote mbili zikaenda hadi kigingi cha chuma nilichokipigilia ardhini nyuma ya ukuta. Nilimweleza kila kitu isipokuwa sentensi moja. Nilisema, "Ni umeme wa hewa kavu." Katika ripoti niliyoandika jioni hiyo pia hapakuwa na mtu, vifaa "vilijeruhiwa", mikono "iligusa". Hadi leo nikikuta ripoti iliyoandikwa kwa mtindo huo natafuta maiti.

Walimchukua kesho yake saa nne. Waliingia watatu na yule afisa, na Dahir hakuweza hata kusimama sawasawa kwa sababu ya waya. Afisa aliutazama, akaufuata kwa macho hadi ukutani. "Kumbe umeshajifunga mwenyewe," alisema. Mmoja wao akacheka. Dahir alinitazama mimi, akifungua waya kwa vidole vyake vyembamba bila haraka, kama anayemaliza kazi. "Injinia, mwambie Halima asiningoje chakula," alisema. Nikasema nitamwambia. Hicho ndicho nilichosema.

Na redio zikaacha kufa. Juma la kwanza, la pili, hakuna hata moja. Bila shaka zingeacha. Sakafu ilikuwa imelowa, miguu yangu ilikuwa mitupu, na fundi mwingine aliyeletwa nilimpa mkono mara thelathini kwa siku hadi akanishangaa. Afisa alirudi ametulia kabisa. "Unaona?" alimwambia Mzee Oduor. "Tulipomwondoa tu." Niliposikia hivyo nilitoka stoo. Nilisema ni mimi. Nilisema jina langu kamili. Nilimwonyesha chupa, daftari, viatu. Alisikiliza yote, akageuza chupa mkononi, akairudisha taratibu. "Bwana mwanasayansi, rafiki yako ana bahati. Si wengi wangejitwika kosa lake. Lakini mimi siwezi kupeleka chupa ya jamu kwa wakubwa wangu. Naenda Wajir. Nikirudi, nionyeshe kwa macho yangu. Vaa shati lako, ua kifaa kimoja mbele yangu, nami nitaandika."

Nilihesabu siku. Nilikausha sakafu, nikatoa magunia. Halima aliniletea anjera stoo, akanikuta natembea kwa krepu huku na huko, vipande vikiruka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alitabasamu. Hakujua shati lile lilikuwa limefanya nini. Nilimwambia tu kwamba lingemtoa mumewe. Siku moja kabla afisa hajarudi, upepo uligeuka. Alasiri mawingu yalifika kutoka upande wa pwani, na mvua iliyokosekana miezi yote ikaanguka juu ya mabati kwa kishindo hata hatukusikiana. Mji mzima ulitoka nje. Watu walisimama barabarani midomo wazi. Wanawake walipiga vigelegele, na mzee mmoja alivua kofia akakinga maji nayo akacheka kama mwehu. Mimi nilisimama mlangoni na kushika chuma, nikaachia, nikashika tena. Hakuna kilichoniuma.

Afisa alitimiza ahadi. Nilitembea mbele yake nimevaa nailoni iliyonata mgongoni, nikagusa waya, na vipande vikaning'inia. Nikasugua viatu, nikasugua kifua kwa blanketi, nikatembea tena. Mara saba. Nilichukua transista kwa vidole viwili, nikaigeuza, nikaishika kila mguu. Tukaipima, ilikuwa nzima. Mzee Oduor alikuwa ametazama ukuta. "Kukikauka," afisa alisema, akivaa kofia yake, na naamini hadi leo kwamba alisema kweli, "niite. Nitakuja." Huyo ndiye mtu ninayemfikiria ninapojaribu kumlaumu mwingine. Mlango ulikuwa wazi. Nilichotakiwa ni kungoja. Lakini kila nilipofumba macho niliona redio ndani ya blanketi, na kadiri siku zilivyopita niligundua kwamba sikuogopa tena kutoaminiwa. Niliogopa kuaminiwa. Niliogopa siku ambayo afisa angeona kwa macho yake na kuandika jina langu kando ya lori lile. Niliomba uhamisho, na ukaja upesi kuliko nilivyotarajia.

Halima alikuja karakana siku mbili kabla sijaondoka, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, shela imelowa chapachapa. Alikataa kuingia. "Mzee Oduor ameniambia. Kukikauka yule bwana atarudi."

"Ndiyo, shemeji."

"Kukauke kiasi gani?"

Nikamweleza kuhusu upepo na hewa. Akanikatiza. "Ile ya midomo kupasuka? Ile ya ngozi ya ngamia kulia ukiikunja?"

"Hiyo."

Alitazama juu. Alikuwa binti wa wafugaji. Jamaa zake waliobaki na mbuzi walikuwa wakimshukuru Mungu kwa majani ya kwanza, na juma zima sikusikia kitu mjini isipokuwa alhamdulillahi. Alikunjua mikono yake miwili mvuani, viganja juu, akaomba kwa Kisomali, na kwa bahati mbaya nilikuwa nimeshajifunza cha kutosha. Aliomba mvua ikatike. Aliomba mito ikauke. Kisha akajipangusa uso kwa viganja vilevile na kunigeukia.

"Na wewe utakuwepo, walaal?"

Barua ya uhamisho ilikuwa mfukoni mwa shati langu, imekunjwa mara nne.

"Nitakuwepo," nilimwambia.